Jana umekula nini? Swali jepesi lenye jibu gumu

Msikilizaji wetu wa Ruaha Mbuyuni, chukulia mfano huu. Mtafiti wa lishe anafika nyumbani na dodoso, anamuuliza binti wa miaka 15: "Jana umekula nini?" Binti anajibu: "Ugali na maharage, mchana na usiku." Hajasema uongo. Ila alipotoka shule alinunua karanga barabarani, akala nyanya mbichi shambani, na akavunja buyu na kumumunya ubuyu wake. Hivyo hakuvitaja, kwani wengi wetu tukisikia "chakula" tunafikiria kilichopikwa.

Je, kusahau huko kuna hasara gani?

Kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 49, watafiti hutumia makundi 10 ya vyakula. Aliyekula walau makundi 5 kwa siku huhesabiwa kuwa amepata mlo wenye mchanganyiko wa kutosha. Ugali ni kundi la 1, maharage la 2. Karanga, nyanya na ubuyu vinaongeza 3, mradi kila kimoja kimefika gramu 15, karibu kijiko kikubwa kimoja. Binti yule ameandikiwa 2, kumbe alikuwa na 5.

Kipimo hiki hutazama jamii nzima, hakimhukumu mtu mmoja. Lakini mabinti wengi wakisahau, taarifa ya kijiji inapotoka. Na wengine wakitaja nyama wasiyokula kwa kuona aibu, wenye upungufu hawaonekani, na msaada unawapita. Kwetu hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Iringa, watoto takriban 57 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mabinti wa leo ndio mama wa kesho.

Dodoso lenyewe hupimwaje?

Kwa mizani. Mtafiti hushinda na kijana kutwa nzima. Hupima chakula kinapopakuliwa, kisha hupima mabaki. Tofauti ndiyo iliyoliwa. Kesho yake mtafiti mwingine humuuliza kijana huyo huyo maswali ya dodoso. Majibu yakilingana na mizani, dodoso linaaminika. Yasipolingana, maswali hurekebishwa, kwa mfano kwa kuongeza: "Ulikula chochote njiani au shambani?"

Ugumu haukosekani. Wanaokula sinia moja ni vigumu kujua nani amekula kiasi gani. Msimu nao una mchango: mlo wa wakati wa kuuza vitunguu huenda usifanane na wa miezi ya kusubiri mavuno.

Ukifikiwa na watafiti

Mzazi, una haki ya kuuliza lengo la utafiti kabla ya kumruhusu mwanao ashiriki. Ukikubali, mwache ajibu mwenyewe. Nawe kijana, huu si mtihani wa darasani. Taja kila kilichoingia mdomoni, hata ubuyu.