Kabla Hujanunua Land Rover ya Zamani Iliyobadilishwa Injini

Leo tuweke pembeni mbolea na dawa, tuzungumze gari. Kila msimu wa vitunguu ukienda vizuri, maswali yanayonifikia yanabadilika. Wengi mnauliza: "Afisa, nimepata Land Rover 109, dalali anasema ina injini ya Toyota, nichukue?" Hilo ni swali la kilimo kabisa, maana zao lisilofika sokoni ni hasara sawa na lililoliwa na wadudu.

Gari hizi zinapendwa kwa sababu za msingi. Bodi ni ya aluminiamu, chasisi ni ngumu, na fundi wa kijijini anaijua kila nati. Ila nyingi zilizobaki barabarani hazina tena injini iliyotoka nayo kiwandani. Hilo peke yake si baya. Ubaya ni kulipa pesa ya msimu mzima bila kujua umenunua nini.

Kwa nini injini zilibadilishwa

Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nyingi zina injini ya silinda nne yenye cc 2286, ya petroli au ya dizeli. Ile ya dizeli ina nguvu za farasi kama 62 tu. Ukiipakia magunia kutoka Mang'ola kupanda Karatu, utafika, lakini kwa kuomba Mungu. Ya petroli nayo inakula mafuta mpaka faida inaishia kwenye tangi.

Ndiyo maana watu wanafunga Toyota 2L (cc 2446) au 3L (cc 2779), Isuzu 4JB1 (cc 2771), Nissan TD27 (cc 2663), au injini za Land Rover zenyewe za baadaye, 200Tdi na 300Tdi (zote cc 2495). 300Tdi inatoa farasi 111, karibu mara mbili ya ile dizeli ya zamani. Kazi ikifanywa vizuri, gari inakuwa bora kuliko ilivyozaliwa. Ikifanywa vibaya, unanunua kesi mbili: ya gereji na ya polisi.

1. Anza na namba, siyo na mlio wa injini

Omba kadi ya gari kabla hujafungua boneti. Soma vitu vinne: namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo wa injini na aina ya mafuta. Kisha chukua tochi, kitambaa na brashi ya waya, usafishe sehemu ya bloku yenye namba uisome mwenyewe. Toyota huanza na jina la injini halafu namba, kwa mfano 3L kisha tarakimu. Namba ya chasisi itafute kwenye chuma cha chasisi chenyewe, mbele upande wa kulia, usiridhike na kibati peke yake.

Kama kadi inasema petroli cc 2286 na wewe unaona dizeli ya 3L, basi mabadiliko hayajaandikishwa. Muulize muuzaji risiti au mkataba wa kununulia hiyo injini. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari ya wizi, na siku ikigundulika, anayekutwa nayo ni wewe. Mabadiliko yarekebishwe TRA kwa jina la muuzaji kabla hujalipa pesa yote. Wasomaji wa Kenya, kwenu ni logbuku na NTSA, lakini kanuni ni ile ile. Namba iliyosagwa au kugongwa upya, achana na gari hiyo, hata ikiwa bei chee.

2. Angalia kazi ya kufunga

Sasa lala chini ya gari. Injini ngeni inahitaji vishikio vipya kwenye chasisi na bamba la kuiunganisha na giaboksi. Vishikio viwe vimechomelewa vizuri, siyo vyuma vya kuokoteza, na mipira yake isiwe imekatika. Mtu mwingine awashe injini, wewe tazama: ikirukaruka sana ikiwa sailensa, au mtikisiko ukipanda mpaka kwenye usukani, huenda vishikio vimekaa vibaya au bamba halikunyooka. Bamba likipinda kidogo tu, linakula klachi na beringi ya shafti ya giaboksi.

Angalia pia waya na mabomba. Waya zilizofungwa kwa mpira wa tyubu zinasubiri siku ya kuwaka moto. Kama gari ilikuwa ya petroli, uliza bomba la kurudisha dizeli kwenye tangi liko wapi, maana injini hizi za dizeli zinarudisha mafuta yasiyotumika. Hakikisha staata na alternata vina volti sawa na betri, kwa sababu injini nyingine zilitoka kwenye magari ya volti 24.

Halafu geji. Sensa ya Toyota na geji ya Land Rover mara nyingi haziendani, hivyo mafundi wengine huiacha bila kuiunga. Mshale wa joto usiposogea baada ya nusu saa ya kuendesha, usidhani injini ni baridi. Huenda hujui joto lake kabisa.

3. Breki: hapa usione aibu kuuliza

Hii ndiyo sehemu wengi wanairuka. Nyuma ya pampu ya breki, kama gari ina sevo, utaona kopo jeusi la mviringo linalomsaidia dereva kukanyaga. Linafanya kazi kwa kufyonzwa hewa. Injini ya petroli inafyonza hewa hiyo yenyewe kupitia manifoldi. Dizeli haifanyi hivyo ipasavyo, inahitaji pampu yake ya kufyonza hewa. Kwenye Toyota 2L na 3L, pampu hiyo kwa kawaida imekaa nyuma ya alternata. Sasa fundi akifunga alternata ya kawaida ili kuokoa pesa, gari itawaka na kwenda vizuri, lakini sevo imekufa.

Kipimo ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, sevo haifanyi kazi. Fikiria sasa uko na tani ya vitunguu kwenye mteremko wa Mto wa Mbu. Gari ya namna hiyo haiendi hata kwa majaribio ya mzigo mpaka itengenezwe.

4. Injini yenyewe, asubuhi ikiwa baridi

Mwambie muuzaji usiku wake kwamba gari isiwashwe mpaka ufike. Gusa bloku kwa mkono. Ukiikuta ina joto, jua kuna kitu kilifichwa, rudi siku nyingine.

Ikiwaka, tazama moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi ni kawaida, ukiendelea baada ya injini kupata joto ni tatizo. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweusi mzito wakati wa kupanda mlima maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Wakati mwingine ni fundi aliyekaza pampu ili gari ionekane ina nguvu siku ya kuuzwa. Nguvu ya namna hiyo inalipwa kwa kuchemsha na pistoni kuungua.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Hewa kidogo si neno, lakini ikipuliza kama bomba la jiko, ringi zimechoka. Oili yenye rangi ya maziwa, au mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, ni dalili ya gasketi au silinda hedi. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa baridi tu, kabla hujaiwasha, usije ukaungua uso. Toyota 2L na 3L zinajulikana kwa silinda hedi kupasuka zikichemsha, kwa hiyo rejeta ndogo au feni isiyoivuta hewa vizuri ni sababu ya kushusha bei.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. 2L, 3L na Tdi zote mbili zinautumia, na ukikatika injini inaharibika ndani. Kama hakuna jibu la uhakika, weka mkanda mpya kwenye hesabu yako. Mwisho, mlipe fundi wako, siyo wa muuzaji, apime kompresheni. Silinda zote zikaribiane, moja ikiwa chini sana, kuna kufungua injini.

5. Difu na giaboksi

Giaboksi na shafti za Series zilitengenezwa kwa ile injini dhaifu. Injini yenye nguvu mara mbili inaweza kuzivunja dereva akiwa na papara. Difu za kiwandani za Series zina uwiano wa 4.7, ndiyo maana gari inapanda vizuri lakini kwenye lami injini inalia sana. Wengine huweka difu za 3.54 za Defender. Ni sawa, ila lazima za mbele na za nyuma zilingane. Zisipolingana, siku ukiweka foo-wili kwenye tope, kitu kinavunjika. Ipeleke kwenye udongo laini, weka foo-wili, nenda moja kwa moja polepole. Ikikaza na kugonga, simama mara moja.

Kabla hujatoa pesa

Yote yakikaa sawa, na breki zimeshapita, iendeshe nusu saa na mzigo, ikiwemo mlima. Simama, tazama joto, tazama chini kama inavuja. Kisha orodhesha kasoro zote na gharama zake, utoe kwenye bei. Muuzaji mkweli atakaa mezani na wewe. Anayekuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine anakuja saa nane, mwache huyo mteja achukue.

Mkataba uandike namba ya injini uliyoisoma wewe mwenyewe kwenye bloku. Gharama ya fundi wa kukagua ni ndogo kuliko gunia chache za vitunguu, na silinda hedi moja inaweza kumeza shamba zima. Ukikuta gari ina kasoro kwenye namba au breki na muuzaji hataki kuzirekebisha, kodi Fuso msimu huu, gari nyingine itapatikana.