Malaika: wimbo wa mtu aliyekosa mali

Hapa Bunia, ukiimba "Malaika", hakuna mtu atakuuliza "mali" maana yake nini. Kule pwani ya Kenya na Tanzania, mali ni utajiri wowote: nyumba, shamba, franga. Kwetu Ituri, mali ni kwanza zile ng'ombe na mbuzi ambazo familia ya kijana inapeleka kwa wazazi wa binti. Ndiyo sababu wimbo huu, hata kama ulitoka mbali, tunausikia kama umetungwa kwa jirani. Kijana anapenda, anataka kuoa, lakini mali hakuna.

Aliyeutangaza ni Fadhili William, Mkenya, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na kikundi chake, Jambo Boys. Kisha Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauchukua. Hapo wimbo ukageuka, ijapo hadithi ilibaki ileile: malalamiko ya mwanaume sasa yalikuwa yanatoka kwenye kinywa cha mwanamke.

Mwaka 1965 Makeba alitoa sahani moja na Harry Belafonte, mwimbaji mkubwa wa Marekani. Jina lake ni An Evening with Belafonte/Makeba. Karibu nyimbo zote za sahani hiyo, kila mmoja anaimba peke yake. Lakini "Malaika" wanaimba wawili. Mwaka uliofuata sahani ile ikapata tuzo ya Grammy.

Tuzisikilize sahani hizo mbili, moja baada ya nyingine. Kwa Fadhili, tunasikia kijana mmoja na shida yake. Kwa Belafonte na Makeba, binti naye amefika. Hasemi "lete mali kwanza." Analia kilio kilekile cha mpenzi wake. Shida ya mmoja imekuwa shida ya wawili.

Kiisha wimbo ukatembea dunia. Mwaka 1967 uliimbwa na The Hep Stars wa Uswidi, kikundi cha Benny Andersson mbele hajaingia ABBA. Mwaka 1981 Boney M. wakaufanya wa kucheza. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akauweka kwenye sahani yake Logozo. Wengi wao Kiswahili si lugha yao, na maneno mengine yamegongwa njiani. Hata vile, mtu wa Bunia akisikia sauti ya kwanza tu, anajua ni nini.

Na faida ya wimbo wenyewe, ni ya nani? Hapo ndipo mabishano. Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga yeye, tangu 1945. Wengine pia wakadai. Fadhili alishikilia kwamba ni wake, mpaka alipofariki Nairobi mwaka 2001. Ajabu ni hiyo: wimbo wa mtu aliyekosa mali umezaa mali nchi nyingi, na huku kwetu Afrika ya Mashariki watu wakabaki wanabishana ni nani baba yake.

Kwetu sisi, wimbo huu si wa zamani. Sheria ya familia ya Kongo, ile ya 1987, inataka dote: bila hiyo ndoa haiandikwi. Sasa, tangu mwisho wa 2017, vita imerudi Djugu, ikafika na fasi zingine. Ng'ombe zimeibwa, vijiji vimechomwa, watu wako kambini. Kijana ambaye baba yake alikuwa na zizi, leo atatoa nini?

Tunajua kinachofuata. Wazazi wanakataa, vijana wanaanza kuishi pamoja bila ndoa, watoto wanazaliwa. Bwana akifa, mwanamke hana karatasi ya ndoa. Familia ya marehemu ikija kuchukua nyumba, atasema ni bibi ya nani? Anayeumia zaidi kwa kukosa mali si kijana peke yake. Ni binti yetu.

Lakini sheria ileile imeacha mlango wazi. Haisemi dote yote itolewe siku moja. Inasema angalau sehemu iwe imepokelewa mbele ya ndoa. Sehemu inaweza kuwa mbuzi mmoja leo, na ingine pole pole wakati amani inarudi. Heshima ya mila inabaki, na karatasi inapatikana.

Wazazi wa Mbunya, wa Nyakasanza, wa Shari, siku wajumbe wa kijana watafika kwenu mikono karibu mitupu, msimsikilize kijana peke yake. Muulizeni na binti. Makeba alikwisha kuonyesha kwamba katika wimbo huu kuna sauti mbili.