Kumbukumbu za Mauzo Humpunguzia Mfanyabiashara Mdogo Kodi

Mfanyabiashara mdogo asiyetunza kumbukumbu anaweza kulipa zaidi ya mara tatu ya kodi anayolipa jirani yake mwenye mauzo yaleyale.

Nchini Tanzania, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ghafi hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato kwa utaratibu wa makadirio, unaozingatia mauzo badala ya faida. Utaratibu huo hauwahusu watoa huduma za kitaalamu. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 halipi kodi hiyo.

Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mwenye mauzo yanayozidi milioni 4 hadi milioni 7 hulipa shilingi 100,000 iwapo hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Hivyo, mwenye duka aliyeuza bidhaa za milioni 5 hulipa shilingi 30,000 tu. Kwa mauzo ya milioni 10, mwenye kumbukumbu hulipa 180,000 na asiyenazo 250,000.

Daftari la mauzo ya kila siku, risiti za manunuzi na stakabadhi za malipo hutakiwa kutunzwa kwa miaka 5. Kodi hulipwa kwa awamu nne, kufikia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Mfanyabiashara anashauriwa kufika na kumbukumbu zake katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliyo karibu naye wakati wa kukadiriwa kodi.