Pikapu ya mkulima: breki kwanza, turbo baadaye

Msimu wa nyanya unapokwisha na fedha kuingia mfukoni, mwenye pikapu huanza kupokea ushauri wa kila aina. Mmoja humwambia afunge turbo, mwingine aweke matairi makubwa, wa tatu aongeze springi. Zote huuzwa kwa jina moja: kuongeza uwezo wa gari. Lakini kwa mkulima swali si gari litakimbia kiasi gani. Swali ni safari ngapi zitapita kabla fedha yake haijarudi.

Tuchukue mfano wa Lushoto, mkoani Tanga. Barabara kutoka Mombo hupanda takriban mita 1,000 katika umbali wa kilomita 33 hivi. Pikapu nyingi za zamani, kama Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, hazina turbo. Injini ya aina hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Ni kweli, basi, kwamba gari huchoka mlimani.

Hata hivyo, tujiulize mzigo unaelekea wapi. Nyanya, kabichi na karoti za Lushoto zinateremka kwenda Mombo, kisha Dar es Salaam. Gari linapopanda mara nyingi ni tupu au limebeba mbolea kidogo. Anayeteremka na tani moja hahitaji nguvu zaidi. Anahitaji breki nzima, matairi mazuri na gia ya chini. Turbo haisimamishi gari.

Sasa tupige hesabu. Bei zinazofuata ni za mfano tu. Msomaji aweke zake.

Turbo na ufundi wake tuseme ni sh. 2,400,000. Ikiokoa sh. 20,000 kwa safari, itahitaji safari 120. Kwa mwenye misimu miwili ya safari 24 kila mmoja, hiyo ni miaka miwili na nusu. Aidha, fundi akiongeza dizeli ili turbo ionekane kufanya kazi, joto la injini hupanda. Injini za jamii ya 3L zinajulikana kwa silinda hedi kupasuka zikichemka, na hasara moja ya namna hiyo hufuta faida yote.

Springi na shokapu mpya tuseme ni sh. 500,000. Springi zilizochoka huponda nyanya za chini. Ukiokoa tenga moja tu la sh. 25,000 kila safari, fedha inarudi baada ya safari 20, kabla msimu haujaisha.

Kusafisha nozeli, kubadili chujio na kupima pampu ya dizeli tuseme ni sh. 300,000. Ukiokoa lita nne za sh. 3,000 kila safari, ni safari 25. Mara nyingi nguvu inayotafutwa kwenye turbo ilipotelea hapa.

Matairi makubwa ndiyo ya kuepuka. Yakizidi kipenyo cha awali kwa asilimia 10, nguvu ya kuvuta hupungua kwa karibu asilimia tisa, na spidomita husoma kasi ndogo kuliko ya kweli.

Turbo ina mahali pake. Anayetoa vitunguu Ruaha Mbuyuni na kupandisha mlima Kitonga kwenda Iringa anapanda akiwa na mzigo. Huyo, akiwa na safari nyingi kwa mwaka, injini nzima na rejeta safi, anaweza kupata hesabu tofauti.

Jambo la mwisho ni tahadhari. Kuongeza majani ya springi hakuongezi uwezo wa ekseli, fremu wala breki. Uzito ulioandikwa na kiwanda unabaki ule ule. Vilevile, mabadiliko makubwa ya gari yanapaswa kuelezwa kwa kampuni ya bima kabla ya ajali, si baada yake.

Kabla ya kwenda gereji, andika mambo matatu: mzigo wako unapanda au unateremka, unafanya safari ngapi kwa mwaka, na kila safari unapoteza nini. Kisha gawanya gharama kwa kile utakachookoa. Jibu likizidi safari za mwaka mzima, fedha hiyo huenda ina kazi bora zaidi shambani.