Siku saba za kifungu cha tisa

Nilifika saiti siku ya kumi na moja tangu nisaini mkataba. Ilikuwa Januari, mvua imeshika, na bodaboda aliyenichukua stendi ya Singida alizima pikipiki tukiwa bado mbali na kiwanja. "Kaka, mwisho hapa. Mimi mbugani siingii."

Mtu wa Singida akisikia mbuga hafikirii twiga. Anafikiria ule udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, kisha masika ukigeuka ugali. Nilivua viatu, nikakunja suruali. Bikoni ya kwanza niliiona. Ya pili niliitafuta kwa vidole vya miguu, ndani ya maji, vyura wakinipigia kelele. Nikaipata. Kiwanja changu kilikuwa kweli kimepimwa.

Nilikuwa nimekinunua Dodoma, ndani ya ukumbi wenye viyoyozi, bila kukiona. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ardhi ya ukanda huu imekuwa ikiuzwa kama vitunguu, na wauzaji hawaishii Dodoma tena. Tulipewa soda na keki. Kila aliyelipa alitajwa jina na mshereheshaji, na ukumbi mzima ukampigia makofi. (Nakiri: nilitaka makofi yale.) Dada mmoja mchangamfu alinionyesha picha iliyopigwa kwa droni, bila shaka mwezi wa tisa, ardhi imekauka, imenyooka kama meza. "Tambarare kabisa, kaka. Hata kusawazisha hutasawazisha." Bei milioni mbili na laki nne, kianzio laki sita, baki ndani ya miezi 12. Ofa inaisha leo saa kumi. Nikasaini saa kumi kasoro robo.

Nilipopiga simu kutoka kule mbugani, sauti ilikuwa ileile ila uchangamfu umekwisha. "Pole kaka. Lakini mkataba uliusoma, si ndiyo? Kifungu cha tisa."

Kifungu cha tisa kilisema mnunuzi anaweza kughairi kwa maandishi ndani ya siku saba. Zikipita, kianzio hakirudishwi.

Biashara ya namna hii ina ndugu zake mbali. Ulaya, tangu miaka ya 1960, watu wameuziwa wiki: si nyumba, bali haki ya kulala kwenye nyumba ya ufukweni wiki moja kila mwaka, na ada ya matunzo juu yake. Wanaitwa kwenye ukumbi, wanapewa kinywaji, wanaambiwa ofa inaisha leo. Malalamiko yalizidi hadi Umoja wa Ulaya ukaweka sheria mwaka 1994 ya kumpa mnunuzi siku 10 za kujitoa bila kutoa sababu, na mwaka 2009 ikatungwa nyingine ya siku 14. Ila waliokuja kutikisa biashara hiyo kule Hispania hawakuwa wamechelewa kwa siku. Walichelewa kwa miaka. Januari 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua katika kesi kutoka kisiwa cha Gran Canaria kwamba mkataba wa wiki usio na mwisho hausimami, kwa kuwa sheria yao ya 1998 iliweka kikomo cha miaka 50. Siku za kughairi zilikuwa zimepita zamani. Kasoro ya mkataba haikuwa imepita nazo.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta siku za kutafakari. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi hii, inawapa wauzianao hiari ya kurudi nyuma maadamu hawajaachana pale walipokaa, na wanaweza kushartiana zaidi, hadi siku tatu. Hata hicho kianzio kina jina la zamani, arbuni, na wanazuoni walibishana juu yake karne nyingi: wengi walimkataza muuzaji kuizuia mauzo yakivunjika, Wahanbali wakaruhusu. Kampuni iliyoniuzia kiwanja, bila kujua, ilikuwa ya Kihanbali.

Nilipeleka karatasi zangu kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, hakimu mstaafu. Alinikaribisha barazani, akaniwekea sahani ya karanga, akasoma kurasa zote sita kidole kikifuata mstari. Mimi nilikuwa nimesoma moja, ile ya bei.

"Hizi siku saba ni za kwao, mwanangu," alisema. "Ni zawadi. Ndani yake unaondoka bila kusema kwa nini. Sasa zimekwisha, itabidi useme kwa nini."

Akaingia ndani, akatoka na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, imeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Ni sheria ya mwaka 1961. Kabla yake Tanganyika ilitumia ile ya India ya 1872, na ukiziweka pamoja utaona mtoto kafanana na mzazi. Ndani yake hakuna siku za kutafakari. Kilichomo ni swali la ridhaa: uliridhia kwa hiari? Kifungu cha 18 kinamgusa muuzaji aliyesema lisilo kweli, hata kama mwenyewe aliliamini. Cha 19 kinampa aliyepotoshwa njia ya kuuvunja mkataba. Nikaanza kutabasamu. Ardhi tambarare! Ziwa Singidani nalo ni tambarare.

"Usicheke bado," alisema mzee, akageuza ukurasa. Kifungu kilekile kina mkia: kama ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida tu, njia hiyo inafungwa.

"Basi la kwenda saiti lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, mzee. Jumamosi, bure."

"Ulipanda?"

"Kulikuwa na harusi."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Hakunikatisha tamaa kabisa. Kifungu cha 74, alisema, hakimruhusu mtu kujiandikia adhabu anayotaka. Mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Lakini akaonya kwamba kampuni itadai kianzio si adhabu, ni sehemu ya bei, na hapo mawakili wana pa kulia chakula. Na muda? Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka sita. Siku saba kwenye karatasi yao, miaka sita kwenye kitabu chake. Nilikuwa nimelala bila usingizi siku nne kwa kudhani mlango ni mmoja.

Niliandika barua. Mzee alisisitiza niipeleke kwa mkono, nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Sikutaja kughairi hata mara moja. Niliandika kuhusu picha, neno tambarare, na bikoni iliyo chini ya maji, nikaambatisha picha zangu za Januari. Wiki tatu kimya. Kisha wakajibu: fedha hairudi, ila hawana pingamizi nikimpata mtu wa kuchukua nafasi yangu, kwa ada ya kubadilisha jina, elfu hamsini.

Nilimpata kupitia yule bodaboda. Ni mkulima, alikuja na jembe begani, akatembea kiwanja chote ndani ya matope bila kukunja suruali. Akachota udongo, akaufinyanga, akaunusa. "Hapa mpunga unatoka," alisema, na kwa wakati huo ujenzi hakuutaja kabisa. Alinipa laki tano kwa kianzio changu cha sita.

Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamsomea mkataba wote kwa sauti, hadi kifungu cha tisa. Aliuliza siku saba hizo ni za nini. Nikamweleza. Akachukua kalamu, matope bado yamemkaukia mikononi.

"Mimi nimeshaangalia," alisema.