Grafu ya Bahari na Gunia la Kariakoo

Juma lililopita nilialikwa kwenye kikao hapa Kivukoni, hatua chache kutoka soko la samaki. Wenzetu wanataka kujenga ghala, na wanabishana msingi uinuliwe kiasi gani. Tukagawiwa karatasi yenye grafu: mstari mwekundu unapanda mpaka mwaka 2100. Tukaambiwa ndivyo bahari itakavyopanda. Nikauliza, itapanda kuanzia wapi? Aliyeileta akasema aliikata kwenye ripoti fulani. Zaidi ya hapo hakujua.

Sikuuliza kwa ubishi. Ripoti ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ya mwaka 2013 ilipima kuanzia wastani wa miaka 1986 hadi 2005. Ile ya 2021 ilianzia wastani wa 1995 hadi 2014. Na katika hiyo ya 2021, dunia ikipunguza haraka sana gesi zinazoongeza joto, bahari inakadiriwa kupanda sentimita 28 hadi 55 ifikapo 2100; gesi zikizidi kwa kiwango cha juu kabisa, ni sentimita 63 hadi 101. Tena huo ni wastani wa dunia nzima, si wa Kivukoni. Sasa mstari wetu mwekundu ulikuwa upi?

Kariakoo ukitajiwa bei ya gunia la viazi, huuliza kwanza kama ni la kawaida au lumbesa? Wanasayansi nao wana utaratibu wao, huitwa metadata, yaani maelezo yanayofuatana na takwimu. Kwa hewa na bahari zipo kanuni za CF, zilizotoka 2003, zinazotaka kila kipimo chenye kizio kitajwe kizio chake, na zenye orodha moja ya majina ya kutumia. CMIP, mradi wa kulinganisha modeli za tabianchi, huongeza jina la modeli, taasisi iliyoiendesha na makadirio ya gesi yaliyotumika. Kwa upande wa biolojia, mwaka 2011 ilitoka SED-ML, inayoeleza hata grafu yenyewe: kipi kiwekwe kwenye mstari wa wima, kipi kwenye wa ulalo.

Taabu ni kwamba maelezo hayo hukaa ndani ya faili. Ukikata picha na kuibandika kwenye karatasi, yenyewe hubaki nyuma.

Nilimwomba yule bwana airudie ripoti, aandike chini ya mchoro modeli, makadirio ya gesi na miaka ya kuanzia kupimia. Ameahidi kuleta kikao kijacho. Saruji haijanunuliwa bado.