King'amuzi Kimoja, Vyumba Viwili

Kama nyumbani kwako kuna runinga mbili, bila shaka umekwisha kusikia ombi hili: "Mama, tununulieni king'amuzi chetu." Kabla baba hajaingiza mkono mfukoni, na kabla watoto hawajajifungia chumbani na rimoti yao, fahamu kwamba king'amuzi cha sebuleni chaweza kuhudumia chumba cha pili kwa waya wa antena.

Zamani, deki ya video ilipeleka picha kwenye runinga kupitia chaneli moja, na chaneli hiyo ilipaswa kuwa tupu. Ikigongana na kituo cha hewani, picha ilijaa mistari na chengachenga. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Mbeya ikafuata mwaka 2013, wakati Tunduma ingali katika mkoa huo. (Songwe ilipata kuwa mkoa mwaka 2016.) Tangu hapo chaneli nyingi zilibaki wazi, ingawa nyingine hubeba matangazo ya dijitali. Nasi tulio mpakani tukumbuke kwamba mawimbi ya Nakonde hayasimami getini kugongewa pasipoti. Kagua kwanza.

Fanya hivi:

1. Tazama nyuma ya king'amuzi kama kuna tundu lililoandikwa RF OUT. Vingine havina, na vingine hupitisha mawimbi ya antena tu. Hapo utahitaji kifaa kidogo kiitwacho moduleta. Muulize fundi.

2. Chagua chaneli kati ya 21 na 69, kisha itafute kwa analojia kwenye runinga ya chumbani. Ukiona chengachenga, hamia nyingine.

3. Tumia waya mzima wa omu 75. Usiusokote na kuufunga kwa plasta. Kila unapogawa waya mara mbili, kila upande hupata chini ya nusu ya nguvu.

4. Usiunganishe waya huo na antena ya nje, usije ukarusha picha zako hewani na kuwaharibia majirani.

Sasa tusikilizane, akina mama. Picha inayofika chumbani ni ileile ya sebuleni. Watoto hawawezi kubadili stesheni kwa siri, na hili litawafurahisha wazazi wengi. Lakini waya hauchagui. Filamu ambayo baba na mama wanaitazama saa tano usiku, wakidhani watoto wamelala, nayo inafika chumbani vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, kaeni wawili mkubaliane: saa ngapi runinga ya chumbani inazimwa, na ninyi wenyewe mtatazama nini. Kinachowafaa watoto kisiamuliwe na waya, kiamuliwe na wazazi.